Tiki moja ya SMB1 na gharama zake

Mashine ya kopi ikigoma kutuma skani kwenye kompyuta mpya, fundi huwa hana maswali mengi. Anafungua orodha ya vipengele vya Windows, anatia tiki kwenye SMB 1.0, anazima na kuwasha. Skani zinaingia kwenye folda, analipwa chake, anaondoka.

SMB ndiyo itifaki inayoziwezesha kompyuta za Windows kushea mafaili na printa. Ilianzia IBM mwaka 1983, enzi ambazo mtandao wa ofisi ulikuwa kompyuta chache ndani ya jengo moja. Toleo lake la kwanza, SMB1, ndilo pekee ambalo mashine nyingi za kopi za zamani hulijua. Lilijulikana dunia nzima kwa ubaya tarehe 12 Mei 2017, pale programu hasidi ya WannaCry ilipotumia kasoro yake kuruka toka kompyuta hadi kompyuta kupitia poti 445, mlango wa mtandao unaotumiwa na SMB, bila mtu kubofya chochote. Mafaili yalifungwa, kikadaiwa kikombozi cha dola 300 kwa bitcoin, na hospitali za Uingereza zikaahirisha maelfu ya miadi.

Wanaoitetea SMB1 wana hoja, na si ya kupuuza. Kasoro ile ilikwisha kutolewa dawa tangu Machi 2017. Kompyuta iliyosasishwa haiambukizwi kwa njia hiyo. Na mashine ya kopi iliyotumika Ulaya ikaja kumalizia maisha yake kwenye steshenari ya Dar es Salaam bado inachapa vizuri. Mtengenezaji ameshaisahau. Inunuliwe nyingine kwa sababu ya itifaki tu?

Ila dawa ile iliziba tundu moja. SMB1 haisimbi data, yaani haiifichi isisomwe njiani. Usimbaji ulikuja na SMB3 mwaka 2012. Ripoti ya mshahara inayopita humo inasomeka na yeyote anayesikiliza mtandao.

Ninapotofautiana na Microsoft ni kwenye Windows 11 24H2. Matoleo yake ya kiofisi yanadai kila pakiti (kipande cha data) isainiwe, kuthibitisha haijachezewa njiani, na yanakataa folda za wageni zisizo na nywila. Kiusalama ni sawa. Lakini anayefungua folda ya wote aliyoizoea anaambiwa sera za usalama za taasisi yake haziruhusu. Duka la kompyuta tatu! Taasisi ipi, na sera kaandika nani? Mwenye duka hapo haelewi kwamba dawa ni kuweka jina na nywila tu, kwa hiyo anamwita fundi wa tiki.

Kwa mashine ya kopi, nyingi zinaweza kutuma skani kwa FTP, itifaki nyingine ya kuhamisha mafaili. FTP ni kongwe kuliko SMB na hupeleka nywila wazi, najua. Lakini ukiifungia kwenye kompyuta moja ya Linux, folda moja, na akaunti isiyotumika kwingine, hasara yake ina mpaka. Wengine wanaisoma folda hiyo kwa SMB3 kupitia Samba, programu inayoiwezesha Linux kutumia SMB. Ni kazi ya saa kadhaa, na wateja wengi hawataki kuilipia.

Basi tiki ikibidi, iwekwe kwa akili. Kipengele kile kina sehemu za klayenti (upande unaoyafuata mafaili kwenye kifaa kingine) na seva (upande unaofikiwa na vifaa vingine). Kufungua mafaili yaliyo kwenye kifaa cha zamani kunahitaji klayenti peke yake. Kupokea skani ndiko kunakohitaji seva, na seva ndiyo iliyoshambuliwa na WannaCry. Mafundi wengi hutia tiki zote.