Msichana wa mtandaoni, simu ni ya nani?

Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mashirika mengi ya vijana yalihamishia mtandaoni mafunzo ya uongozi kwa wasichana. Shule zikafunguliwa, lakini njia hiyo bado inawavutia wafadhili: hakuna nauli wala kodi ya ukumbi, na mwezeshaji mmoja anafikia wasichana mia kwa mkupuo.

Unafuu huo ni wa kweli, ila mimi naona lipo jambo zito zaidi. Yuko msichana asiyenyoosha mkono darasani mwaka mzima, lakini kwenye kikao cha mtandaoni anaandika. Mstari mmoja, kisha wa pili, na mwezeshaji anausoma kwa sauti. Amesikika bila kukabili macho arobaini yanayomgeukia. Anayepuuza hilo hajawahi kuwa mtoto mwenye haya.

Tatizo ni wale ambao hawamo kabisa. UNICEF ilieleza mwaka 2023 kwamba katika nchi za kipato cha chini, takriban asilimia 90 ya wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 24 hawatumii intaneti. Na aliyeingia, mara nyingi simu ni ya baba au kaka. Kamera kaizima, mdogo wake kampakata, na kabla kikao hakijafika nusu mwenye simu anaitaka. Kwenye ripoti ya mradi atahesabiwa kuwa ameshiriki.

Tena, uongozi unajifunzwa kwa kuuona. India ilibadili katiba mwaka 1993 na kutenga theluthi ya nafasi za uenyekiti wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake. Watafiti walikwenda West Bengal, jimbo la nchi hiyo, na matokeo yao yaliyotoka mwaka 2012 yalionyesha kuwa katika vijiji vilivyoongozwa na wanawake kwa vipindi viwili, pengo la matarajio kati ya wavulana na wasichana lilipungua kwa asilimia 32. Wasichana wale hawakupewa semina. Walimwona mama wa kijijini kwao akiendesha kikao na watu wakimsikiliza.

Je, mtandao uachwe? Hapana. Ila bajeti ya mradi wa mtandaoni isiyo na fungu la bando, la simu ambayo msichana ataishika mwenyewe, na la mlezi anayeishi karibu naye, mimi nisingeipitisha. Wafadhili wana haki ya kudai hesabu ya kila senti, lakini masharti yanayobana kila senti humnyima mwendesha mradi nafasi ya kununua simu anapogundua kwamba shida ni simu. Mwaka 2022 bilionea MacKenzie Scott aliwapa Girl Scouts, chama cha skauti wasichana wa Marekani, dola milioni 84.5 bila kuwafungia matumizi, kwa hiyo inawezekana. Ningependa sehemu ya fedha za namna hiyo ipangwe na wasichana wenyewe, wabishane, wapige kura, na uamuzi wao uheshimiwe hata pale watu wazima wangechagua vingine.