Kwani Amekuwa wa Ngapi?

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo ya Krismasi binti yangu alirudi na barua ya shule kwenye begi, imekunjwa mara nne na kulowa juisi. Ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Muhula huu, walimu wanatuarifu, darasa litasoma habari za Warumi na namna walivyoitawala Uingereza. Sayansi ni umeme: wataunganisha betri, waya na balbu. Hesabu ni kuzidisha, pamoja na namba za Kirumi hadi 100. Jiografia ni mito. Chini kuna majina ya vitabu viwili watakavyosomewa darasani, siku za kuleta nguo za michezo, na ombi moja: Ijumaa ya mwisho wa mwezi kila mtoto aje amevaa Kirumi.

Hilo la mwisho lilinikera. Nimetoka zamu ya usiku, miguu inawaka, sasa nianze kutafuta nguo ya Mrumi katika mji huu wa Leicester, England, Januari, giza saa kumi jioni? Mwisho nikatoa kabatini kanzu ya baba yake, ile ya Idi, nikapandisha pindo kwa pini kumi na moja, nikamfunga kiunoni kwa kamba ya pazia. Akatoka Mrumi kamili. Mwalimu alimsifu sana, akaniuliza nguo nimeshona mwenyewe? Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Nilipomaliza kununa niliisoma tena ile barua ndani ya basi, halafu nikampigia mdogo wangu Morogoro. Mwanawe ni rika moja na binti yangu, mwaka huu kaingia la nne.

“Shikamoo mama mkubwa.”

“Marahaba baba. Muhula huu mnasoma nini?”

“Masomo.”

“Masomo gani?”

“Yote.”

“Haya, hesabu mmefika wapi?”

“Mwalimu anasema tumefika mbali.”

Mama yake akamnyang'anya simu. “Dada, mbona unamhoji mtoto kama yuko polisi? Muulize kitu cha maana. La tatu katoka wa 14 kati ya 131!”

Nikapiga vigelegele humo humo ndani ya basi, watu wakageuka. Nikamtumia kijana hela ya soda. Ni baada ya kukata simu ndipo nilipoanza kujiuliza nimeshangilia nini. Wa 14 katika lipi? Anajua kugawanya? Anasoma hadithi akaelewa, au anaimba tu herufi? Mama yake, aliyemnunulia sare, viatu na madaftari, hajui. Baba yake hajui. Ukiambiwa mtu ni wa 14 kwenye foleni ya benki, bado hujajua amekuja kuweka hela au kutoa.

Naandika haya nikijua vizuri nitakachoambiwa, kwa hiyo tuyamalize mapema. Sijasema huku ni peponi. Huku kuna mambo yao yanayoweza kumtoa mtu akili, na moja ni hili hili la nafasi. Kwenye kikao cha wazazi unapewa dakika 10 na mwalimu, mnakaa kwenye viti vya watoto magoti yamefika kidevuni, unaambiwa mtoto “yuko katika kiwango kinachotarajiwa kwa umri wake.” Kinachotarajiwa na nani? Mwaka wa kwanza nilivumilia. Mwaka wa pili nikauliza waziwazi: katika hawa watoto 29, wangu ni wa ngapi? Yule mwalimu alinitazama kama nimemuuliza mshahara wake. Akasema hawawapangi watoto. Kila kitu kwao ni kizuri, mchoro mzuri, jaribio zuri, hata herufi zilizogeuka mgongo ni jitihada nzuri. Usipokuwa makini, mtoto wako anaweza kuachwa nyuma huku wewe unapakwa asali tu. Kwetu angalau ripoti ingekuwa na ile mistari ya wino mwekundu, “juhudi ziongezeke”, ukajua jioni hiyo hapakaliki.

Na huo ugonjwa wa nafasi hauponi kirahisi. Pale getini tunasubiri watoto na bibi mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mwanza. Mji huu umejaa watu wa aina yake, wengi walifika baada ya Amin kuwafukuza Waasia Uganda mwaka 1972, wengine wakatokea Kenya na kwetu. Kiswahili chake ni kile cha dukani, anakifurahia kuliko mimi. Nikamsimulia habari ya barua. Akacheka, akasema, “Sisi Mwanza barua hapana. Mimi ilikuwa wa pili. Wa kwanza ile mtoto ya fundi cherehani.” Nikamuuliza alisoma nini mwaka huo. Hakumbuki hata somo moja. Lakini mtoto wa fundi cherehani bado anamuuma, na ni zaidi ya miaka 60.

Basi, hoja yangu. Barua kama ile Tanzania ipo. Tena yetu ni bora kuliko ya hawa.

Mama yangu alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na wote tuliolelewa na walimu tunajua wiki ya kabla ya kufungua shule ilivyokuwa. Meza inafutwa, taa ya chemli inasogezwa, hakuna kula hapo mpaka kazi iishe. Mama anapiga mistari kwa rula, peni nyekundu kwa mistari, ya bluu kwa maandishi: mwezi, wiki, mada kuu, mada ndogo, vipindi, zana, rejea, maoni. Hilo ndilo azimio la kazi. Wiki baada ya wiki, mwaka mzima, mtoto atafundishwa nini, kwa zana gani, kutoka kitabu kipi. Siku hizi kwa mtaala mpya wanaandika umahiri mkuu na umahiri mahususi, lakini ni lile lile. Ikiisha inakwenda kwa mwalimu mkuu, inasainiwa, inaingia kabatini. Wakija wakaguzi, ambao sasa tunawaita wathibiti ubora, inatolewa, inapigwa vumbi, inarudishwa.

Kwa hiyo mwalimu anayo, mwalimu mkuu kaiona, wilaya wataiona. Mwenye mtoto ndiye asiyeijua hata rangi yake. Yeye anaitwa shuleni kwa mambo mawili, mchango na kosa.

Nasikia mtu ananiambia: wewe uko huko na darasa la watoto 29, hapa mwalimu ana 131, unataka aandike barua 131? Sitaki aandike hata moja. Nataka apige picha ukurasa aliokwisha kuuandika, aitume kwenye kundi la wazazi. Lile lile kundi la WhatsApp ambalo asubuhi mpaka jioni kazi yake ni hela ya uji, hela ya mlinzi, na rimu ya karatasi za mtihani wa majaribio. Ambao hawana simu janja, ibandikwe mlangoni kwa ofisi pale inapobandikwa orodha ya wanaodaiwa. Hiyo huwa haikosi gundi.

Mwingine: wazazi wenyewe hawakusoma, wataelewa nini? Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na husemwa na watu wenye shahada. Mama anayelima mpunga Kilombero, mwambie wiki hii watoto wanasoma vipimo vya ujazo uone. Atamkabidhi mwanawe debe na kibaba, atampeleka ghalani, na jioni mtoto atakuwa anajua debe limejaa kwa vibaba vingapi na wafanyabiashara wanavyolipiga rumbesa. Mwalimu mwenye chaki na mabua ya kuhesabia hamfikii huyo mama kwa somo hilo. Tatizo hakuna aliyemwambia.

Kuna na wale wa “huko mnakosifia wanafundisha watoto mambo ya ajabu.” Haya, tuongee. Ni kweli kwamba tangu Septemba 2020 shule za msingi za England lazima zifundishe somo la mahusiano, yaani familia, urafiki, heshima, na mtoto kujua kukataa kuguswa asivyotaka. Lakini sheria hiyo hiyo inailazimu shule kushauriana na wazazi inapoandaa utaratibu wa somo hilo. Nilikwenda. Nilikaa nikafunua vitabu kimoja kimoja. Kuna ukurasa niliupinga, nikasema, wakaandika. Sijui kama watabadilisha, ila najua mwanangu atasikia nini na lini, na nimeshaongea naye kabla yao. Wewe unayeniuliza, wa kwako anafundishwa nini wiki hii?

Sasa mnadhani kwa kusema hivi nadharau shule iliyonilea. Mimi ni zao la shule ya serikali, tulikaa wanne dawati moja, na vitu vingine nilivyovipata pale hawa hawana. Mwezi Juni watoto wa rika la binti yangu katika shule za serikali za England hufanya jaribio la kuzidisha kwenye kompyuta: maswali 25, sekunde 6 kila swali, mpaka mara 12. Wazazi wenzangu wamechanganyikiwa, wananunua programu za simu. Mimi namwimbisha binti yangu jedwali kwa Kiswahili tukitembea kwenda shule, kwa sauti, kama tulivyoimba sisi mwalimu akipita na fimbo, ila mimi sina fimbo. Saba nane, hamsini na sita! Tisa nane, sabini na mbili! Watu wanatupisha njia. Juzi alijibu ishirini bila kukosa na sekunde zikabaki. Nikatembea kifua mbele mpaka getini. Halafu nikauliza alama ya kufaulu ni ngapi, nikaambiwa hakuna alama ya kufaulu. Jamani.

Lakini turudi kwa Warumi, maana hapo ndipo barua ilinilipa pini zangu kumi na moja. Kwa kuwa nilijua wiki yenyewe, jioni moja tukaketi akanisimulia habari za Boudica, malkia aliyewaasi Warumi wakati huo, akaichoma London moto. Nikamwambia kwetu tulikuwa na Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Nikamweleza vita vya Lugalo kule Iringa, mwaka 1891, kikosi cha Wajerumani kiko safarini kwa mstari mrefu porini, Wahehe wamelala kwenye majani wanasubiri, na jinsi kile kikosi kilivyoteketea pamoja na kamanda wake. Akatoa macho. Akafikiri kidogo akaniuliza, “Kwa hiyo Wajerumani walikuwa Warumi wetu?” Kesho yake akalipeleka darasani vile vile, na mwalimu ambaye hajawahi kusikia jina la Mkwawa akamwomba aliandike ubaoni. Bila barua ningemwambia lini? Ningekuwa nimelala baada ya zamu, Warumi wangepita, ningeletewa ripoti Julai.

Habari hizi zote nilimpa mdogo wangu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Alikaa kimya siku mbili, nikajua nimemchosha. Kumbe alikwenda shuleni. Akaomba kuona azimio la kazi la la nne. Mwalimu alimuuliza kwanza, “Mama, kuna malalamiko?” Alipohakikishiwa hakuna, akauliza kama ametumwa na wilaya. Mwisho akacheka, akafungua daftari, akamwambia katika miaka yote ya kazi hajawahi kuombwa hilo na mzazi, piga picha tu mama, ila usinitie kwenye mitandao. Simtii. Mwandiko nimeuona, mistari kwa peni nyekundu, nikamkumbuka mama na chemli yake.

Na wiki inayofuata imeandikwa: namba za Kirumi.

Nikampigia kijana. Nikamwambia wiki ijayo mnaanza namba za Kirumi, na dada yako huku anazisoma hizo hizo, mshindane kuandikiana. “Mama mkubwa, umejuaje?” Sikumjibu. Binti yangu akamtumia umri wake: IX. Zikapita siku kadhaa, nikadhani wamesahau. Ijumaa ikaingia picha ya karatasi ya daftari la mraba, penseli, herufi kubwa zimekandamizwa mpaka karatasi karibu itoboke:

MIMI NILIKUWA WA XIV. YEYE WA NGAPI?