Rimu za kujaa fenda: ofseti bila upana ni nusu ya hesabu

Subaru Legacy za muundo wa BL (saluni) na BP (wagoni), zilizoundwa kati ya 2003 na 2009, zina kasoro moja ya sura ambayo mwenye nayo akishaiona hawezi kuisahau: matairi yamejificha ndani. Rimu ya kiwandani ya inchi 17 ina upana wa inchi 7 na ofseti ya +55, basi fenda inabaki imetokeza kama kofia ya baba kichwani pa mtoto. Hapo ndipo watu huanza kutafuta rimu za kujaa fenda, wenyewe wanaita flashi. Upande wa pili wako mafundi wanaosema kiwanda hakikukosea, na kwamba ukisogeza tairi nje unanunua beringi mapema. Wote wana hoja. Shida ni kwamba ubishi wenyewe huendeshwa kwa picha badala ya futi ya kupimia.

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaobana kwenye habu, yaani kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Namba chanya ikiwa kubwa, rimu inaingia ndani. Ikipungua, inatoka nje. Kwenye rimu huandikwa ET, kifupi cha neno la Kijerumani Einpresstiefe. Upana nao ukiongezeka, nusu ya nyongeza inakwenda nje na nusu inakwenda ndani. Kwa hiyo anayeuliza dukani "mna +38?" bila kutaja upana hajauliza kitu.

Hesabu ni fupi. Chukua upana kwa inchi, zidisha kwa 25.4, gawa kwa 2. Ukitoa ofseti unapata umbali wa kwenda nje kutoka kwenye habu. Ukijumlisha ofseti unapata wa kwenda ndani. Rimu ya kiwandani ya 7 kwa +55 inatoka nje milimita 33.9 na kuingia ndani 143.9. Weka 8 kwa +48: nje 53.6, ndani 149.6. Yaani umesogea nje karibu milimita 20, na ndani umekula chini ya 6. Weka 8.5 kwa +45: umetoka nje 29 na umeingia ndani 9. Weka 8.5 kwa +38, inayopendwa kwenye picha: nje umetoka 36, ndani umeingia 2 tu. Hiyo ya mwisho inakaa mbali na shokapu, na ndiyo maana wauzaji huiita salama. Salama kwa ndani, ndiyo. Fenda nayo haijaulizwa.

Kabla ya kununua, egesha gari mahali tambarare, usukani ukiwa umenyooka, ufanye timazi ya uzi na nati. Ibandike kwa utepe kwenye ukingo wa fenda, katikati kabisa juu ya gurudumu, halafu pima kutoka kwenye uzi hadi ubavu wa tairi pale panapotokeza zaidi, na hadi mdomo wa rimu. Fanya magurudumu yote manne. Usishangae kulia na kushoto vikipishana milimita kadhaa, hasa gari likiwa limewahi kugongwa; chukua namba ndogo. Kwa ndani, pima nafasi kati ya tairi na shokapu, na kati ya tairi na kile kisahani kinachobeba springi. Bonge la udongo wa kuchezea likibanwa pale linakupa unene kamili kuliko jicho. Acha angalau milimita 5 ndani, kwa sababu tairi linajipinda kwenye kona. Na ukipima upana wa rimu ya mtumba, usipime mdomo hadi mdomo: upana unaoandikwa ni wa pale tairi linapokaa, kwa hiyo futi itakupa karibu inchi moja ya ziada.

Tuseme timazi imekupa milimita 28 kwenye ubavu wa tairi. Rimu ya 8 kwa +48 inaingia na kukuachia akiba. Ile ya 8.5 kwa +38 haiingii bila kukunja ukingo wa ndani wa fenda, au kuongeza kemba hasi, yaani kulilaza tairi ili juu liingie ndani. Kila nyuzi moja ya kemba inaingiza sehemu ya juu ya tairi hili karibu milimita 5.5. Nyuzi moja au moja na nusu mbele hazina ubaya. Hata kona zinapendeza. Ukifika tatu, ukingo wa ndani wa tairi unaisha huku nje kukiwa bado kuna kashata (yale meno ya tairi), na anayelipa ni wewe. Kukunja fenda nako kunahitaji kupasha rangi moto kwanza. Rangi ikipasuka pale ndani, kutu inaanzia mahali usipopaona.

Wanaotetea flashi wana jambo lisilo la sura tu. Rimu pana inabeba tairi pana bila kulibana, na magurudumu yakitanuka gari halilali sana kwenye kona. Ila hapa wanachanganya mambo mawili. Upana wa tairi unatoka kwenye upana wa rimu, ambao unaweza kuupata huku ofseti ikibaki juu. Kushusha ofseti hadi +38 kunahamisha mstari wa katikati milimita 17 nje kila upande, na hizo 17 ndizo zinazoongeza mkono wa nguvu kwenye beringi na kuufanya usukani urushwe mkononi gurudumu moja likiingia shimoni. Kwa +48 ni milimita 7. Kwenye barabara za moramu kuna na jambo dogo la kuudhi: tairi lililokaa sare na fenda linarusha kokoto na tope moja kwa moja kwenye milango.

Japani kwenyewe, zinakotoka gari hizi, tangu Juni 2017 ubavu wa tairi unaruhusiwa kutokeza nje ya bodi chini ya milimita 10, kwenye eneo la nyuzi 30 mbele na 50 nyuma ya mstari wima wa katikati ya gurudumu. Rimu na nati haziruhusiwi kutokeza hata kidogo.

Tairi ndilo linaloharibu hesabu nzuri. Gari lilikuja na 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana, rimu ya inchi 17), kipenyo kama milimita 625. Tairi la 225/40R18 ni 637, ongezeko la asilimia 2, na ubavu wake ni milimita 90. Ukibaki na inchi 17 lakini rimu ya 8, ukaweka 225/45R17, kipenyo ni 634 na ubavu ni 101. Kwa mashimo na matuta ya kwetu, hizo milimita 11 zinaokoa rimu nyingi. Mimi ningechagua hiyo. Anayetaka 18 achukue tairi lenye alama ya mzigo 92, si 88, maana hewa iliyomo ni ndogo na familia ni ileile.

Kuna mitego ya mashimo pia. Legacy hii ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 56.1. Rimu ya Toyota Wish ya kwanza nayo ni 5x100, nati zinalingana kwa macho, lakini tundu lake ni 54.1: haikai kwenye habu mpaka ichongwe. Rimu nyingi za dukani zina tundu la 73.1, kwa hivyo dai ringi za kuziba pengo hilo, za 73.1 kwa 56.1, la sivyo usukani utatetemeka kuanzia kama kilomita 80 kwa saa na utazungushwa kwenye balansi mara tatu bure. Spesa (kisahani cha kuwekwa kati ya habu na rimu) ya milimita 20 kwenye rimu ya kiwandani inakupa +35, lakini nati ya M12x1.25 inatakiwa iingie angalau mizunguko 9 au 10. Ikishika 5, usiendeshe.

Jaribio la mwisho lisifanyiwe gari tupu. Weka watu wanne na mizigo nyuma, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili, pita kwenye tuta kwa mshazari, kisha chungulia plastiki ya ndani ya fenda. Mstari mweusi unaong'aa maana yake tairi limegusa. Rudia kukaza nati kwa spana ya torki baada ya kilomita 50 hadi 100, na mara moja zaidi wiki inayofuata.