Pedi ya Gemu Ikiondoka Mkononi

Karibu na mwisho wa gemu la The Last of Us, lililotoka mwaka 2013, Joel anaingia chumba cha upasuaji. Ellie, binti wa miaka 14 aliyesafiri naye nusu ya Marekani, amelala pale hana fahamu, akisubiri upasuaji utakaomuua ili itafutwe tiba ya ugonjwa ulioangamiza dunia. Daktari amesimama katikati yao, kisu cha upasuaji mkononi. Hapo gemu linakungoja. Ukisimama tu, hakuna kinachosonga. Humchukui Ellie mpaka daktari afe, na kitufe unakibonyeza wewe. Mara ya kwanza nilikizunguka chumba kile nikitafuta njia nyingine. Haikuwepo.

Kituo cha televisheni cha HBO walipoitoa kama tamthilia mwaka 2023, nilikuwa najua kila kitakachotokea. Pedro Pascal, anayemwigiza Joel, anapita kwenye korido akiua, milio ya risasi imefifishwa, muziki wa majonzi umetanda. Kazi imefanywa vizuri mno. Lakini niliitazama kama mtu anayemwona mwenzake akikosea. Kwenye gemu aliyekosea nilikuwa mimi.

Ndiyo maana ule ubishi wa mashabiki, kwamba Hollywood ikichukua gemu ilifuate lilivyo au ina ruhusa ya kulibadili, nauona una uzito kuliko watu wanavyoudhania.

Wanaotaka lifuatwe wana sababu za kuwa wakali, maana wameumizwa kweli. Mwaka 1993 gemu la Mario, lenye rangi za kung'aa na fundi bomba anayerukaruka juu ya uyoga, liligeuzwa filamu ya mji wa giza unaotawaliwa na viumbe waliotokana na dinosaria. Mwaka 2019 trela ya kwanza ya filamu ya Sonic, yule nungunungu wa bluu wa magemu, ilimwonyesha na meno kama ya binadamu. Mashabiki walipiga kelele mpaka akachorwa upya, filamu ikasogezwa hadi Februari 2020. Kelele zile zilikuwa za haki, na aliyefaidika ni filamu yenyewe.

Kisha kuna Halo ya mwaka 2022, tamthilia iliyotokana na gemu. Shujaa wake, Master Chief, tumemjua tangu 2001 kama askari ndani ya helmeti, na tamthilia ikamvua helmeti hiyo kwenye episodi ya kwanza tu. Utetezi wake naujua: mwigizaji anafanya kazi kwa uso, na episodi tisa za kutazama kioo cha helmeti zingemchosha mtazamaji. Si utetezi wa kupuuzwa. Ila tamthilia ya The Mandalorian, iliyoanza 2019, ilikaa karibu msimu mzima wa kwanza bila kutuonyesha uso wa shujaa wake, na watu wakampenda hivyohivyo. Mwigizaji wake alikuwa huyohuyo Pascal! Helmeti ya Master Chief haikuwa pambo. Ilikuwa nafasi ya mchezaji kujiweka mle ndani. Halo ilisitishwa 2024 baada ya misimu miwili. Sisemi kuivua helmeti ndiko kulikoiua, nasema kulitufungia mlango mapema.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaotaka kila kitu kinakiliwe, na sababu yangu ni episodi ya tatu ya The Last of Us. Kwenye gemu, Frank, mpenzi wa mtu aitwaye Bill, hatumwoni akiwa hai. Tunamkuta amejinyonga, ameacha barua ya kumwambia Bill jinsi alivyomchukia. Tamthilia ikapindua yote. Frank anaanguka kwenye mtego wa Bill, anakaribishwa chakula, anapiga piano, anabaki. Miaka inapita. Siku moja anampeleka Bill kwenye kitalu cha stroberi, kumbe mbegu alizipata kwa kubadilishana na bunduki. Bill, mtu mgumu asiyemwamini yeyote, anaonja moja na kuchekelea kama mtoto. Nick Offerman, aliyemwigiza Bill, alipata tuzo ya Emmy kwa nafasi hiyo, na aliistahili kabisa.

Gemu lisingeweza kutupa hilo. Pale tunaona anachokiona mhusika tunayemchezesha tu, na mikono yetu lazima ipewe shughuli. Mapenzi ya miaka mingi utayabonyezea kitufe gani? Waandishi walibadili tukio, lakini walilijua swali ambalo gemu lilikuwa likiuliza, yaani kumpenda mtu kunakugharimu nini katika dunia iliyooza. Wakalijibu kutoka upande wa pili.

Fallout, tamthilia ya 2024 iliyotokana na magemu ya jina hilo, ilipita njia rahisi zaidi: dunia ileile, wahusika wapya. Magemu yake humwacha mchezaji aunde mhusika wake, kwa hiyo hapakuwa na shujaa mmoja wa kuharibiwa. Hata hivyo, mwaka mmoja wa ndani ya hadithi ulioandikwa ubaoni, 2277, ulitosha kuwakasirisha mashabiki wa New Vegas, mojawapo ya magemu hayo, walioona historia ya mji wa Shady Sands inavurugwa. Hapo nadhani walizidisha.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni Abby. Katika gemu la pili la The Last of Us, la mwaka 2020, anamuua Joel, unamchukia kwa saa nyingi, kisha unalazimishwa kuicheza nafasi yake. Unakimbia kwa miguu yake, unaokoka kwa mikono yake, na chuki inakutoka taratibu bila kuombwa. Tamthilia, katika msimu wa 2025, ilitupa sababu ya Abby kumuua Joel mapema, kabla hata hatujapata muda wa kumchukia kwa upofu. Naelewa kwa nini: mtazamaji hawezi kusubiri miaka kati ya misimu ndipo aelezwe. Ila maelezo si kitu kimoja na kutembea ndani ya mtu. Msimu huo umeishia Abby akiamka, hadithi ikirudi siku ya kwanza katika mji wa Seattle, safari hii upande wake. Nasubiri kuona watanifanyaje nimwelewe bila kunikabidhi mikono yake.