Tamthilia ziishe basi jamani

Alhamisi nikitoka kazini nilipitia kwa mama Mbagala, nikakuta TV iko juu kama kawaida na yule mzee wa kwenye tamthilia yake bado kalazwa ICU. Bado! Huyu mzee alipata ajali kabla ya Ramadhani, tukafunga, tukala Idi, masika yakaja yakaondoka, Idi ya kuchinja nayo ikapita, yeye kalala tu na mpira puani huku wanawe wanagombea nyumba. Na mimi kwasababu stori imenishinda siku hizi naangalia vitu vya pembeni, kwahiyo nikaikazia macho ile mashine ya kupimia mapigo ya moyo, aisee haijachomekwa popote, waya wake umekunjwa vizuri umefungwa rababendi kama umetoka dukani asubuhi ileile. Lakini inalia pii, pii, pii. Nikamuuliza mama hivi huyu mzee si wangemuacha tu afe apumzike. Akanijibu bila hata kunigeukia, "Nyamaza wewe, leo anaamka."

Hakuamka. Kilichotokea ni mlango ukafunguliwa, kamera ikamvuta binti mkubwa usoni, ikamvuta mdogo wake, ikamvuta shangazi, ikarudi tena kwa binti mkubwa, muziki ukapanda, itaendelea. Aliyefungua mlango hatukuoneshwa. Mama akaguna ule mguno wa mtu aliyeshiba, akainuka kwenda kupakua chakula.

Sitaitaja tamthilia yenyewe, wale ni watu wanatafuta riziki na kuna wawili watatu mle ndani wanajua kazi kwelikweli, na mimi sio wale wa kuponda kila cha nyumbani afu wakiona Mkorea analia kwenye mvua wanasema hii ndo sanaa. Bongo tumetoka mbali. Picha siku hizi safi, sauti inasikika, hata zile nyumba za kukodi zenye ngazi katikati ya sebule nimeshazizoea (kuna moja yenye zulia jekundu kwenye ngazi nimeshaiona kwenye tamthilia tatu tofauti, mwenye nyumba sasa hivi atakuwa tajiri wa kweli sio wa kuigiza). Tatizo langu ni moja tu, haziishi. Zinaanza vizuri, zinakushika, mwezi wa nne unajiuliza hivi huyu dada alikuja mjini kumtafuta nani vile, mwezi wa nane naona hata mwandishi keshasahau.

Waliokuwepo enzi za Kaole, lile kundi la maigizo, watanielewa. Miaka ya 2000 mwanzoni, ITV, sisi nyumbani hatukuwa na TV kwahiyo tulikuwa tunaenda kwa mama mmoja jirani, ndala zinajaa mlangoni mpaka ukitoka unaondoka na moja yako moja ya mwenzio, watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi, na ukikohoa wakati Ray anaongea unatolewa nje. Kulikuwa na Jahazi, kulikuwa na Dira, Zizimo, Tufani, Gharika, sasa hebu iangalie hiyo orodha, majina ni mengi kwasababu mchezo ulikuwa unaisha! Unaisha, unaanza mwingine, aliyekuwa mbaya kule huku anakuja kuwa mkwe mwema, na nyie shuleni mnabaki mnabishana kama yule baba alistahili kusamehewa. Kanumba wengi mnamjua wa kwenye sinema ila mle ndo alikopikwa. Vifaa vya kuungaunga, kivuli cha mtu wa kamera unakiona ukutani, lakini aliyetunga alijua anakokwenda.

Afu ikaja ile ya Kichina ya Mao Doudou, TBC, 2011. Dada wa Beijing anaolewa na jamaa ambaye wazazi wake walishaachana, kwahiyo anajikuta na mama mkwe wa kuzaa na mama mkwe wa kambo, wawili kwa mpigo. Na Wachina wanaongea Kiswahili. Siku ya kwanza tulicheka mpaka machozi, kufika episodi ya tatu hakuna anayecheka tena, mama na shoga zake wanamjadili mama mkwe wa Beijing kama vile anakaa Kizuiani na juzi walimkuta sokoni. Episodi 36 tu ile. Thelathini na sita, kwisha habari yake, na rais wa China Xi Jinping alivyokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba kwamba Watanzania wameipenda. Mimi nadhani tuliipenda kwasababu mbili, mama mkwe ni mama mkwe popote duniani, na pili kila ugomvi ulikuwa unafika mahali unatatuliwa au unaharibika moja kwa moja, haukuachwa unaning'inia kama kanga kwenye kamba.

Siri ya Mtungi nayo, wale wa 2012 na 2013 mnaikumbuka? Bagamoyo, Cheche na kamera yake ya kupiga picha, mke nyumbani na mambo nje. Ilitengenezwa na watu wenye ujumbe wa afya na uzazi wa mpango na kawaida kitu chenye ujumbe kinakuwa kama kipindi cha redio cha saa nne asubuhi, lakini ile hapana, ile ilikuwa na watu. Unaona mtu anaongopa kwa mkewe na jasho linamtoka la kweli. Misimu miwili wakafunga mlango. Mpaka leo ukiniuliza tamthilia ya Bongo ninayoipenda kuliko zote nakutajia hiyo, na naamini ningeichukia kama Cheche angekuwa bado anatafuta njia ya kuungama mpaka leo hii.

Majirani zetu Kenya nao. Citizen TV walikuwa na Maria, imeanza 2019, ya kila siku za wiki, yatima wa mtaani kaingia nyumba ya matajiri, mambo na Luwi, kijana wa nyumba hiyo, ndo hivyo tena. Ilivutwavutwa pia nisiwe muongo. Lakini 2021 ikaisha, watu wakalia, ikaingia Zora, ikaisha, ikaingia Sultana na yule binti kipofu wa pwani. Sultana nilikuwa naifuatilia vipande vipande mtandaoni na nilichokipenda hata sio stori, ni watu kuongea Kiswahili chao cha pwani bila kujikaza, mama anamgombeza mtoto unasikia kabisa huyu ni mama wa Mombasa. Huku kwetu nani aliwaambia waandishi kwamba mtu akiwa na hela lazima aongee nusu Kiingereza? Mimi nimefanya kazi na matajiri wawili wa Kariakoo, mmoja Mkinga mmoja Mchaga, hakuna hata mmoja niliyewahi kumsikia akimwambia mkewe "sikiliza mai dia". Anaongea Kiswahili, tena kifupi, na anauliza bei.

Sasa mtasema Waturuki je. Nakubali, Waturuki ni baba wa kuvuta. Kule kwao episodi moja inaenda mpaka masaa mawili, ikifika kwetu inakatwakatwa kwahiyo kinachotokea Istanbul usiku mmoja Mbagala kinatuchukua siku tatu, na ndo maana mtu anaanza kupanda farasi Jumatatu anashuka Jumatano. Lakini hata ile ya Sultan Suleiman na Hurrem iliyotuharibia ratiba za kulala, kwao ilianza 2011 ikafungwa 2014, episodi 139, na ulikuwa unajua kabisa inakoelekea maana ni historia, waziri wake Ibrahim atauliwa, mwanawe Mustafa atauliwa, kama hutaki kitabu kipo. Kujua hakukupunguza utamu hata kidogo. Mama alijua Ibrahim atakufa kwasababu mimi kwa ujinga wangu nilimwambia, na siku yenyewe alifunga biashara ya vitumbua mapema kama anawahi msiba.

Halafu ikaja siku ya Hurrem kubadilika sura. Wanaojua wanajua, mwigizaji wa kwanza, Meryem Uzerli, aliondoka katikati, wakamleta Vahide Perçin. Mama kakaa, TV imewaka, anatokea mama mwingine kabisa mwenye nguo za Hurrem.

"Huyu nani?"

"Hurrem."

"Hurrem gani? Hurrem namjua."

"Ni yuleyule mama, wamebadilisha mwigizaji."

Akanyamaza kama dakika tano. "Kwahiyo Suleiman haoni?"

Ilimchukua wiki mbili kumkubali na mpaka leo anasema yule wa pili alikuwa mlezi tu. Lakini angalau walifanya kazi ya kumtafuta mtu. Bongo mwigizaji akigombana na prodyuza kuhusu malipo tunajua kitakachofuata, mtu aliyekuwa anakaribia kuoa kesho asubuhi "amesafiri Afrika Kusini kikazi", na hakuna mtu kwenye ukoo mzima anayempigia simu. Kule Afrika Kusini kwenye tamthilia zetu kutakuwa kumejaa.

Kwanini hawamalizi? Mimi naona ni hesabu tu. Zamani TV ilikuwa ya antena, unaweka juu ya bati unaizungusha mpaka theluji ipungue, mwenye kituo anategemea matangazo. Kuanzia usiku wa Desemba 31, 2012 walipozima analojia hapa Dar tukaingia kwenye ving'amuzi, na ukishakuwa na king'amuzi unalipa mwezi. Mtu analipa kifurushi kwa sababu mbili, mpira au stori haijaisha. Ukiimaliza stori unampa mteja nafasi ya kufikiria, na mteja akifikiria atasema mwezi huu nanunua mchele. Kwahiyo mzee anabaki ICU. Tena ukiweka na ile ya kurusha kila siku, episodi tano kwa wiki, waandishi wanaandika huku wenzao wanashuti, nani ana muda wa kukaa chini kuuliza mwisho wake nini? Hadithi inakuwa kama daladala ya Mbagala, haiondoki mpaka ijae, na haijai.

Ndo maana vijana wengi siku hizi wamehamia kwa Wakorea, hawa wanakupa episodi 16, unaenda kibandani kwa jamaa na flashi, unajaziwa, tena ipo iliyotafsiriwa na ma-DJ wetu wanaoongezea na vichekesho vyao humohumo, wikiendi moja umeshamaliza na umeshalia. Squid Game ya 2021 sizoni ya kwanza ilikuwa 9. Tisa! Kwa mwendo wetu sisi kwenye tisa bado wanasalimiana.

Nilimwaga haya yote siku hiyohiyo ya Alhamisi, mdomo umejaa ugali, mama akanisikiliza vizuri tu. Afu akaniuliza, "Isidingo iliisha lini?" Nikamwambia ile tamthilia ya Afrika Kusini iliisha 2020, ilianza 1998. Maana nilikua nayo ile, ITV, Barker Haines na Cherel wakifanya ushetani wao kule mgodini Horizon Deep, na baba mungu amrehemu alikuwa haongei na mtu Isidingo ikianza, na Kiingereza chenyewe alikuwa anakipata nusu. Miaka zaidi ya 20 na sijawahi kusikia mtu Mbagala anadai iishe.

"Sasa," mama akasema, "nyie wote mmeoa mmehama. Ikifika saa tatu usiku mimi nakaa na nani? Nakaa na hao. Nimeshawazoea, huyu mwizi, huyu mchawi, huyu mgonjwa. Wewe unataka iishe ili iweje?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia ile mashine haijachomekwa, akasema anajua, aliona toka mwezi wa tatu, na anamjua mpaka nesi kwamba ndo yuleyule alikuwa muuza mkaa mwanzoni wamemvalisha tu gauni jeupe. Anaona kila kitu huyu mama. Nilidhani mimi ndo mwerevu kwenye kile chumba.

Bado nasema ziishe. Mtu wa kukaa naye saa tatu usiku anaweza kuwa mpya kila baada ya miezi sita, Kaole walituzoesha hivyo na hatukuwahi kukosa pa kukaa. Ila kabla sijaondoka nikaangalia kifurushi chake kimebaki siku mbili, nikamlipia mwezi mzima, kwahiyo kwenye ile hesabu niliyowaeleza hapo juu na mimi nimo.

Jana usiku saa nne kasoro simu ikaita, mama. Nikashtuka maana muda ule mama hapigi kama hakuna tatizo.

"Mzee kafumbua jicho."

"Kaamka?"

"Jicho moja. Itaendelea Jumatatu."