Futi ya Fundi

Setilaiti yetu ya chuo ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Kazi yake: kuhesabu elektroni kule ionosfia, tabaka la juu la angahewa, ambako miale ya jua huzing'oa kwenye hewa haba, nazo zikabaki kuyayumbisha mawimbi ya redio na ya GPS. Kazi ya watu wazima hiyo. Antena zake sasa: vipande vinne vya futi ya chuma, hii hii ya maseremala. Usicheke, si sisi tu. Futi hukunjika bila kuvunjika, na ukiiachia hujinyoosha yenyewe. Kwa masafa yetu ya megahezi 437, kila kipande sentimita 17.

Futi yenyewe niliiazima kwa fundi wa karakana. "Dakika tano tu, Fundi." Wiki ya pili akaanza kuiulizia, nami nikamsaidia kuitafuta. Mpaka chini ya kabati niliingia.

Siku ya kuionyesha setilaiti, mgeni mmoja akaomba kuipiga picha bila ule utepe mwekundu unaoning'inia. Nikauvuta. Utepe ule umeshikana na pini, na pini ndiyo inayoizuia setilaiti isiamke. Nikaitia mfukoni, nikaendelea kuhubiri habari za elektroni.

Kanuni inataka setilaiti ikishaachiwa na roketi isubiri dakika 30 ndipo ifungue antena, isije ikawakwaruza wenzake. Yetu ilikuwa na adabu kunishinda. Ilijiona imeshafika angani, ikasubiri dakika zake zote, waya ukapata moto, mshipi wa nailoni uliozibana antena ukakatika, na zote nne zikachomoka: chwaa! Moja iliondoka na miwani ya profesa. Mgeni wa picha tulimkuta chini ya meza.

Kimya. Wa kwanza kuinuka alikuwa Fundi, kutoka viti vya nyuma. Akaja, akainama, akasoma kwa sauti: "Kumi na nane... mpaka thelathini na nne." Akazunguka meza. "Thelathini na tano..."

Akasimama wima. "Hii mtairudisha lini?"

Profesa, hana miwani wala habari, akamjibu kwa fahari: "Hairudi, Fundi. Ikimaliza kazi inashuka, inaungulia huko huko juu."

"Ahaa." Fundi akanigeukia taratibu. "Sasa wewe, chini ya kabati ulikuwa unatafuta nini?"