Shilingi 2,500 za kaunti na ploti ya milioni kumi

Mhamasishaji wa afya ya jamii nchini Kenya anastahili marupurupu ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kwa kaunti yake. Rais William Ruto alipozindua mpango huo Uhuru Park tarehe 25 Septemba 2023, wahamasishaji 100,000 walikabidhiwa mikoba yenye mashine ya kupima presha, kifaa cha kupima sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, na simu ya kuandikia hali ya kila nyumba wanayoitembelea. Yaliyofuata tunayajua. Nusu ya kitaifa huchelewa, na nusu ya kaunti mara nyingi huchelewa zaidi. Wapo waliokaa miezi wakipanda vilima na kupenya vichochoro bila kuona hata senti moja ya gavana wao.

Hiyo nusu ya kaunti ndiyo inayoninyima usingizi. Mhamasishaji mmoja hupangiwa kaya 100 hivi. Gawanya 2,500 kwa 100, unapata shilingi 25 kwa kaya kwa mwezi. Ni bei ya mandazi mawili, na chenji inabaki. Kwa mwaka mzima ni shilingi 300 kwa kaya, kiasi kile kile ambacho mtu asiye na ajira ya mshahara anatakiwa kuchangia SHA, bima ya afya ya serikali, kwa mwezi mmoja tu, tena hicho ndicho kima cha chini. Kwa mandazi mawili kaunti inapata mtu anayejua nyumba ipi ina mjamzito ambaye hajaanza kliniki, mzee yupi ameacha kumeza dawa za presha, mtoto yupi amepungua uzito tangu mwezi jana. Na kaunti inashindwa kuyalipa.

Mjadala wa jinsi ya kuyalipa marupurupu haya hurudi kila kaunti inapoleta mswada wake wa fedha wa mwaka na ndani yake kukaonekana kodi ya ardhi iliyopandishwa, ile ambayo wenye ploti huiita reti. Siku ya ushirikishaji wa umma ukumbi hujaa. Wenye nyumba za kupangisha wanakuja, mawakala wa ardhi wanakuja, vyama vya wakazi wa mitaa yenye mageti vinakuja na wanasheria. Wahamasishaji ni wachache kama wapo, maana saa hizo wako kwa watu wakipima presha. Diwani anasikia sauti moja, na sauti hiyo inasema wananchi wamechoka na kodi. Wananchi gani hasa, ni swali ambalo halifiki kwenye kumbukumbu za kikao.

Hata hivyo wanaopinga wana hoja, na iliyo nzito kuliko zote sitairuka. Wanasema fedha zipo. Mgao wa kaunti zote 47 kutoka Hazina Kuu kwa mwaka wa fedha 2025/26 ni shilingi bilioni 415. Kulipa nusu ya kaunti kwa wahamasishaji 100,000 ni bilioni 3 kwa mwaka. Haifiki shilingi moja katika kila mia. Ikiwa gavana hawezi kupata shilingi moja katika mia, kwa nini aongezewe nyingine? Wanaongeza kwamba kaunti kwa pamoja zina madeni ya wakandarasi na wauzaji yanayozidi bilioni 170, kwamba ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, hazikosi sura ya safari za ndani na nje ya nchi, na kwamba kaunti nyingi hazifikishi hata ile asilimia 30 ambayo sheria inataka itumike kwa maendeleo. Ndoo inavuja, wanasema, nanyi mnaomba maji zaidi.

Ni kweli inavuja. Lakini angalia fedha za Hazina zinavyofika na anayezipokea kwanza. Mgao huchelewa mwezi, miwili, wakati mwingine zaidi. Ukifika, mishahara inaanza, kwa sababu mwajiriwa asiyelipwa ana chama, ana mkataba, na anajua njia ya mahakama. Kisha makato. Kisha mkandarasi mwenye mtu wake ndani. Marupurupu ya mhamasishaji yanasubiri mwisho wa foleni kwa sababu si mshahara na yeye si mwajiriwa. Madaktari walipogoma siku 56 mwaka 2024, nchi nzima ilijua. Mhamasishaji akigoma, anayejua ni mama wa nyumba ya tatu aliyekuwa akimsubiri Jumanne. Kwa hiyo udogo wa bilioni 3 haumsaidii. Ni kidogo kiasi kwamba hakuna afisa wa fedha anayeumwa na kichwa zikikosekana.

Ndiyo maana chanzo cha fedha kina maana, hata pale jumla isipobadilika. Kaunti inahitaji fungu linaloingia kwa kalenda yake yenyewe, bila kusubiri simu kutoka Hazina. Katiba, kifungu cha 209, imeipa kaunti kodi mbili tu kwa majina: kodi ya mali isiyohamishika na kodi ya burudani. Hiyo ya pili tuiache wapenzi wa muziki waijadili. Ya kwanza ndiyo yenye fedha, na ndiyo tunayoikimbia.

Badala yake tumeegemea wapi? Kwa wagonjwa. Katika kaunti nyingi malipo ya hospitalini ni miongoni mwa mafungu makubwa ya mapato ya ndani. Sheria ya 2023 inayoziruhusu hospitali kubaki na fedha wanazokusanya ni nzuri. Kabla yake fedha hizo zilikwenda kwenye akaunti ya kaunti, na hospitali ikabaki kuomba glavu. Lakini tazama picha nzima. Presha iliyogunduliwa nyumbani ni bili ambayo hospitali haitaiandika. Mhamasishaji akifanya kazi yake vizuri, vitanda vinapungua watu, na lile fungu kubwa la mapato linapungua nalo. Sisemi kuna afisa anayetamani watu waugue. Nasema tumejenga bajeti ambayo kinga inaonekana kama gharama na ugonjwa kama pato, kisha tunashangaa kinga hailipwi.

Sasa twende kwenye ploti. Jiji la Nairobi kwa karibu miaka 40 lilitoza kodi kwa kutumia daftari la thamani, yaani orodha rasmi ya bei za ardhi, la mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sheria ya zamani ilitaka daftari lifanywe upya kila miaka 10, labda waziri aongeze muda, na muda ukaongezwa na kuongezwa. Kwa kuwa thamani zilikuwa za enzi nyingine, ilibidi kupandisha kiwango hadi asilimia 34 ya thamani hiyo ya kale ili kipatikane chochote. Daftari jipya la 2019 lilipoanza kutumika, kiwango kikashuka hadi asilimia 0.115 ya thamani ya sasa ya ardhi, bila kuhesabu jengo. Waliosikia kelele za wakati ule wangedhani watu wananyang'anywa mashamba.

Kwa kiwango hicho, ploti ya shilingi milioni 10 inalipa 11,500 kwa mwaka. Weka kando yake mama mboga wa soko linalotoza shilingi 50 kwa siku. Akiuza siku 300, ameilipa kaunti 15,000. Nimeirudia hesabu hii mara tatu nikidhani nimekosea sifuri. Mtu mwenye beseni la sukuma wiki anailipa kaunti kuliko mtu mwenye ardhi ya milioni 10. Tena yeye halipi kwa daftari la thamani, hana wakili, wala hajawahi kutangaziwa msamaha wa riba. Analipa asubuhi na kupewa risiti, au kanjo, askari wa kaunti, wanaondoka na beseni.

Panda juu kidogo. Ardhi ya milioni 100, ambayo katika baadhi ya mitaa ya Nairobi wala si kubwa, inalipa 115,000. Nusu ya kaunti kwa mhamasishaji mmoja ni 30,000 kwa mwaka. Ploti hiyo moja, ikilipa, inabeba karibu wahamasishaji wanne, yaani kaya 380 hivi. Mwenye ploti huenda ameizungushia mabati akisubiri bei ipande. Na bei itapanda kwa sababu barabara imepita, taa zimewekwa, zahanati imefunguliwa, maji yamefika. Kazi hiyo ameifanyiwa na umma. Kumwomba shilingi moja na kidogo katika kila elfu naona ni adabu ya kawaida, kama mgeni anayekula kwako siku nne asikose kushika jembe.

Lakini si kila mwenye ardhi ana mabati na subira. Kuna mjane aliyeachiwa nyumba ya urithi mtaa ambao zamani haukuwa na thamani na leo umezungukwa na magorofa. Ardhi yake ina bei kubwa, mfuko wake hauna kitu, na daftari la thamani halijui tofauti. Mombasa kuna jambo zito zaidi: watu wengi wana nyumba bila ardhi. Ukuta ni wako, chini ni pa mwingine, na kila mwezi unampelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Kaunti ikimpandishia yeye, kesho atakupandishia wewe, na kodi iliyokusudiwa mwenye mali itakuwa imemfikia mtu mwenye mabati ya paa tu. Anayetetea kodi ya ardhi bila kujibu hili hajafika Kisauni wala Majengo.

Jibu langu ni kwamba unafuu uwe wa mtu, kwa jina na hali yake: mzee anayeishi katika nyumba yake mwenyewe aruhusiwe kuahirisha kodi mpaka ardhi itakapouzwa au kurithiwa, na kodi ya kiwanja iwekewe ukomo pale nyumba na ardhi zina wenyewe tofauti. Tunachofanya sasa ni kinyume. Kaunti hukaa miaka na madeni, kisha inatangaza msamaha wa riba kwa wote. Mjane aliyekopa ili alipe mapema anapata funzo kwamba alikuwa mjinga, na kampuni yenye ekari ishirini inasherehekea. Nayo serikali ya kitaifa, ambayo ina ardhi nyingi mijini na inapaswa kutoa mchango badala ya kodi, ni mdaiwa sugu. Ni vigumu kumhubiria raia wakati ofisi iliyo mkabala na soko hailipi.

Tena tusidanganyane kuhusu kaunti zote. Wajir, Turkana na Tana River, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya jamii na hakuna ploti za kuhesabu nje ya miji michache, dawa hii haitafika mbali. Huko kaya 100 ni safari ya siku kadhaa, na mgao wa kitaifa lazima uendelee kubeba mzigo. Hoja yangu ni ya mijini, na Sheria ya Kitaifa ya Kodi ya Ardhi ya 2024, iliyochukua nafasi ya sheria mbili kongwe, imewaondolea magavana wa mijini kisingizio cha kusema sheria ni mbovu.

Kinachobaki ni imani, na hapa naona wapinzani wako sahihi zaidi kuliko wanavyojua. Fedha ya mgonjwa imewekewa ua: inabaki hospitalini kwa sheria. Fedha ya mwenye ploti haina ua. Inaingia Hazina ya Mapato ya Kaunti, inachanganyika na nyingine, na hakuna anayeweza kukuonyesha ilikokwenda. Mwenye ploti akisema hataki kulipa safari za watu, hana namna ya kuthibitishiwa kwamba hajazilipa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha hazina maalumu kwa idhini ya bunge lake. Madiwani wanaweza kuunda ya wahamasishaji na kuandika kwamba sehemu ya kodi ya ardhi inaingia humo kabla ya kwenda kwingine kokote.

Nairobi inataka kodi hiyo ilipwe kufikia 31 Machi, kabla riba haijaanza. Makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kwa hiyo kuna mwezi mmoja ambao kaunti imetoka kukusanya na haijapanga bado. Kikao kijacho cha ushirikishaji wa umma kikifanyika ndani ya mwezi huo, nitauliza mstari wa wahamasishaji uko ukurasa gani wa makadirio. Mwaka jana niliutafuta katika makadirio ya kaunti yangu nikaukuta umefichwa ndani ya “gharama nyingine za uendeshaji”, pamoja na chai ya mikutano.